Herufi Thelathini na Tano

Jenereta ya misheni ilianza kunguruma saa tatu kila asubuhi, na ilipoanza tu, Ida alijua mikono yake iende wapi. Alifuta vumbi la kompyuta kwa kipande cha kanga kuukuu. Alivisha karatasi kwenye printa, matundu ya pembeni yakakaa kwenye meno yake, tundu kwa jino. Alibandika birika la chai kwenye jiko la mafuta ya taa. Kisha alikaa na kuvuta mikono ya sweta hadi nusu ya vidole, maana asubuhi za Mbinga hazijali ni mwezi gani, akaandika amri aliyoijua kama Salamu Maria.

Kompyuta ile haikuwa na picha za kubonyeza. Bruda mmoja wa ng'ambo aliileta, akakaa nayo miezi mitatu akiifundisha, kama alivyopenda kusema, adabu, na alipoondoka aliacha kioo cheusi, herufi za kijani na karatasi ya amri iliyobandikwa ukutani. Wengine ofisini waliiogopa. Ida, aliyesoma uhazili chuoni na ambaye watu walimchosha kuliko mashine, aliipenda. Mashine haikumuuliza mbona hasemi.

Amri aliyoipenda zaidi ilikuwa na herufi mbili tu: pr. Faili lolote lililochapwa hovyo, mistari ikifuatana bila mapumziko kama mbuzi wanaopelekwa mnadani, likipitishwa hapo lilitoka limegawanywa kurasa, kila ukurasa na tarehe, kichwa na namba yake. Ukiongeza alama ya mbili, majina yalijipanga safu mbili na karatasi zikapungua nusu. Ukiongeza h, uliandika kichwa unachokitaka mwenyewe. Asubuhi hiyo ya mwisho wa Oktoba, mwaka wa tisini na tisa, Ida aliandika:

pr -2 -h "Marehemu wa Novemba" majina | lpr

Printa ikaanza kulia. Ida akamimina chai.

Yalikuwa majina ya marehemu ambayo waumini huleta kila mwaka ili yasomwe kidogo kidogo katika misa za Novemba. Yalikuja kwenye vipande vya daftari, migongo ya kalenda, hata karatasi za maganda ya sigara. Mama Ephrasia, mchapaji mkongwe wa parokia, ambaye kompyuta aliithubutu kwa kuchapa tu, aliyachapa yote kwenye faili, jina moja mstari mmoja, na kazi ya Ida ilikuwa kuyapanga na kuyatoa. Kurasa tisa. Alizinyofoa kingo zenye matundu, akawa anazikunja moja baada ya nyingine, kikombe mkono mmoja, macho yakipita juu ya majina kama mtu anavyopita makaburini bila kusimama.

Kwenye ukurasa wa sita, safu ya kulia, karibu na chini, macho yakasimama.

Nazari Ngongi, mume wa Tadea, Lundo

Kikombe kilibaki hewani. Printa ilikuwa imekwisha nyamaza na nje masista walikuwa wakiitana kuhusu kuni. Ida alilisoma jina la baba yake tena, taratibu, kama mtu anayesoma lugha aliyoanza kujifunza jana. Juu ya ukurasa, kwa herufi alizoziandika yeye mwenyewe, palisomeka: Marehemu wa Novemba.

*

Nazari Ngongi alikuwa mpima mizani katika ghala la kahawa la chama cha ushirika, hapa hapa Mbinga. Ida alikulia katika harufu ya magunia. Jioni wakulima walipokwisha ondoka, baba yake alimpandisha juu ya mizani, akasogeza vyuma, akatangaza kwa sauti ya kazini: "Ida Nazari, kilo ishirini na mbili, daraja la kwanza, hana unyevu." Kisha wanunuzi binafsi wakaja na mizani zao na magari yao, wakanunua kahawa mlangoni kwa mtu, na ghala likafungwa. Baba alirudi kwao Lundo, ziwani, pamoja na mama. Akakaa miezi sita akiangalia maji. Kisha akasema ng'ambo, upande wa Malawi, kuna mashamba ya chai yanayotafuta watu wanaojua mizani. Akapanda meli.

Barua zilikuja tatu. Ya mwisho ilikuja Pasaka ya mwaka wa tisini na tano, nayo ilisema hali si mbaya, na mwambie Ida asipungue uzito, nikirudi nitampima. Baada ya hapo, kimya.

Mama Tadea hakulia mbele za watu. Alifanya jambo moja tu. Meli ilipotia nanga mbele ya Lundo na mitumbwi kwenda kupakua abiria, aliacha alichokuwa akifanya, akanawa miguu, akavaa kanga safi, akashuka ufukweni. Alisimama mpaka mtumbwi wa mwisho ukafika, kisha akarudi kwenye unga wake au samaki wake. Watu wa Lundo walikuwa wameacha kumcheka. Hilo ndilo lililomuumiza Ida, kwamba walikuwa wameacha.

Krismasi iliyopita Ida alikwenda likizo nyumbani. Meli ilikuja siku ya pili yake, na alimwona mama akinawa miguu. Aliporudi amekunja kanga begani, Ida alisema, bila kumtazama, akiwa anachambua mchele:

"Mama, mwaka ujao mwandike baba kwenye karatasi ya marehemu. Asomewe misa, upumzike."

 Mama alichukua ungo mikononi mwa Ida, akaendelea kuchambua yeye. Tangu siku hiyo hawakulitaja tena jambo hilo, si kwa mdomo wala kwa barua.

Na sasa jina lilikuwa hapa, kwenye ukurasa wa sita.

Jambo jingine Ida alilitambua baada ya chai kupoa. Miaka yote bahasha ya mama yenye majina ya ukoo ilipitia mikononi mwake. Mwaka huu ilikwenda moja kwa moja kwa Mama Ephrasia, kwa mkono wa dereva wa lori linaloleta usipa, dagaa wa ziwani. Mama hakutaka yeye aione kwanza. Amenitii, Ida aliwaza, na ameona haya kunionyesha kwamba amenitii. Au ameona uchungu. Nimemuua baba kwa mdomo wangu, mimi ambaye kuagiza chumvi dukani kunanipa shida.

Mama Ephrasia aliingia saa nne, akihema, akakitua kikapu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Zimetoka?" Alizitazama karatasi mezani, kisha akamtazama Ida, na uso wake mpana ukalainika. "Umeliona jina la mzee wako?"

"Nimeliona."

"Nilipolichapa machozi yalinitoka kidogo. Nikasema, Tadea ana moyo yule. Mwanamke mwingine asingeweza."

"Ndiyo," alisema Ida.

"Basi. Mimi nimemtia kwenye rozari yangu, kila siku fungu moja." Akachomoa kiazi cha kuchemsha kutoka kwenye kikapu, akakivunja, nusu akaiweka juu ya meza ya Ida. "Kula. Umekonda kama ufito wa kibanda."

Ida alikula kiazi kile kama mtu anayekula msibani.

Siku tatu alikaa na jambo hilo. Angeweza kuuliza. Angeweza kuomba aione karatasi ya mama, lakini vipande vyote vilikwisha tiwa kwenye kikapu na kufungiwa sakristia, vingoje kuwekwa altareni, na kumwomba Padri ufunguo kungemlazimu aeleze sababu. Zaidi ya hayo, aliogopa mwandiko. Chapa ni chapa, haina mkono wa mtu. Aliogopa kuliona jina lile kwa herufi za mama yake, zile herufi kubwa za elimu ya watu wazima zinazoegemea upande kama ukuta wa nyasi.

Mara moja, Mama Ephrasia alipotoka kwenda kununua nyanya, Ida alikaa mbele ya kioo cheusi na kufikiri jinsi ilivyo rahisi. Kulifungua faili, kuutafuta mstari, kuufuta. Hakuna atakayejua. Padri atasoma majina elfu moja kasoro moja, na baba atabaki alipo, popote alipo, hajaombewa wala hajazikwa. Aliweka vidole juu ya vitufe, akaviondoa. Mstari ule haukuwa wake. Ulikuwa wa mama, na kama mama amekubali kupumzika, yeye ni nani wa kumwamsha.

Lakini usiku na mchana moyo wake ulikuwa ghalani, umesimama juu ya mizani, ukingoja kutajiwa kilo zake.

*

Jumamosi asubuhi Padri Protasi aliingia ofisini na kurasa tisa mkononi na miwani imepanda kipajini. Alikuwa mtu wa kujizoeza. Hata mahubiri ya dakika tano aliyapitia mara mbili sakristia.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina," walijibu wote wawili.

"Ida, hebu nisaidie. Nimesoma hapa nikakwama." Aliweka ukurasa wa pili mezani, kidole juu ya mstari. "Anjelina Kapinga na pacha wake, wa. Wa wapi? Nimegeuza nyuma, hakuna kitu. Nisimame mbele ya watu niseme 'wa', halafu ninyamaze? Watadhani mzee amepatwa na kiharusi."

Mama Ephrasia alicheka mpaka kiti kikalia. "Wa Litumbandyosi, Baba. Mimi nilichapa mpaka mwisho. Nakumbuka kwa sababu jina lile lina safari, ukilianza unapaswa kuwa umekula."

"Basi hapa limefia njiani."

Ida aliutazama mstari. Alichukua penseli. Alianza kuhesabu, herufi moja moja, koma na nafasi pia, midomo ikichezacheza. Alihesabu mstari wa chini yake, mrefu mwingine, ulioishia katikati ya neno. Thelathini na tano. Thelathini na tano. Aliinua macho hadi kwenye karatasi ya Bruda ukutani. Pale chini kabisa, kwa wino uliofifia, Bruda alikuwa ameandika kwa Kiswahili chake cha kubabaisha: *Safu mbili inakata mstari mrefu. Angalia sana.* Ida alikuwa ameyasoma maneno hayo mara moja, siku ya kwanza, na tangu hapo hakuwahi kuchapisha safu mbili za kitu kirefu kuliko orodha ya wanakwaya.

"Ni amri, Baba," alisema. "Ukiipanga safu mbili, kila safu inapata nafasi ya herufi thelathini na tano. Kinachozidi inakitupa. Haisemi."

"Inakitupa bila kusema," Padri alirudia, akaishusha miwani. "Kumbe ina tabia za watu."

Alitoka akiagiza orodha mpya ipatikane kabla jenereta haijazimwa saa saba. Mlango ulipofungwa Ida alikuwa amekwisha kuufunua ukurasa wa sita.  N, a, z, a, r, i, nafasi. Alihesabu jina la baba yake mpaka mwisho wa Lundo.

Thelathini na tano. Kamili, bila kupungua wala kuzidi. Mstari ambao ungeweza kuwa umekwisha, au ungeweza kuwa umekatwa, na ukiutazama huwezi kujua.

Alilifungua faili lenyewe. Majina ya kijani yalipanda juu ya kioo, kijiji baada ya kijiji. Alipofika Lundo aliyasimamisha.

Nazari Ngongi, mume wa Tadea, Lundo (huyu hajafa, tunamngoja)

"Mama Ephrasia," alisema Ida. "Hii ndiyo uliyochapa?"

Mama Ephrasia alisogea, akainama begani kwake. "Si nilikuambia nilitokwa na machozi? Kila neno nilichapa kama alivyoandika. Nikasema Padri ataamua mwenyewe la kufanya." Aliitazama karatasi ya ukurasa wa sita, akatazama kioo, akarudi kwenye karatasi. "Yesu wangu. Kwa hiyo siku zote hizi wewe umelia msiba."

"Ulisema umemtia kwenye rozari."

"Ili arudi, mtoto wewe. Ili arudi. Marehemu mimi huwaweka kwenye litania." Akampiga begani kwa kofi dogo, kisha mkono ukabaki pale pale. "Mbona huulizi? Umeumbwa na mdomo, umeuweka akiba ya nini?"

*

Lori la usipa lilifika Mbinga kabla ya saa sita, na nusu saa baadaye mtu alibisha hodi kwenye mlango wa ofisi kwa ukucha, si kwa ngumi. Ida aliujua ubishaji ule kabla hajageuka. Mama Tadea alikuwa amejitanda kanga mbili kwa ajili ya baridi ya mlimani, na mkononi alikuwa na furushi lililonukia ziwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja mapema niwahi misa ya marehemu." Alimsalimu Mama Ephrasia, wakaulizana habari za miguu na za mvua. Kisha Mama Ephrasia akachukua birika lililokuwa limejaa maji, akasema anakwenda kutafuta maji, akatoka.

Mama alikaa kwenye ukingo wa kiti. Macho yake yalikwenda kwenye kioo, ambako orodha ilikuwa bado imesimama. Alisogea. Alisoma kwa kidole, bila kukigusa kioo, kama anavyosoma kitabu cha nyimbo.

"Huyu baba yako."

"Ndiye."

"Yameandikwa yote."

"Huku yote. Kwenye karatasi yalikatika." Ida alimpa ukurasa wa sita, akamwonyesha mahali.

Mama aliusoma. Aliusoma tena. Aliiweka karatasi magotini.

"Angesomwa hivi," alisema. "Nami nimekaa benchi la mbele."

"Angesomwa hivi."

"Hii mashine ina adabu gani."

"Kosa ni langu, mama. Mimi ndiye niliyeiamuru." Ida alizungusha penseli vidoleni. "Mbona safari hii hukunipa mimi bahasha?"

"Ningekupaje? Wewe ndiye uliyesema nimwandike." Mama alisema bila ukali, akiutazama ukurasa. "Nikasema, mtoto amesoma, labda ameona jambo nisiloliona. Nikamwandika. Nilipofika mwisho wa jina, kalamu ikakataa kusimama. Nikasema siwezi kupeleka uongo altareni, nikaongeza yale maneno. Sasa ningekuonyesha wewe, ungesema mama mkaidi, mama bado ananawa miguu."

 Ida alikuwa na maneno, yalikuwa mengi, lakini yalijipanga mlangoni kama watu wanaongoja mmoja wao atangulie.

"Fanya unavyoona," alisema mama, akairudisha karatasi mezani na kuinyoosha kwa kiganja. "Mwenye mashine ni wewe. Ukimwacha humo, nitasikiliza. Ukimtoa, nitasikiliza pia."

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na robo. Ida aliigeukia kompyuta. Aliutafuta mstari wa baba yake, akautoa kwenye orodha ya marehemu, lakini hakuutupa. Aliuweka kwenye faili jipya, peke yake. Kisha akaandika amri ya kwanza, safari hii bila alama ya mbili, na kurasa kumi na nane zikaanza kutoka, safu moja, kila jina na maneno yake yote, Anjelina na pacha wake wakafika salama Litumbandyosi. Mama aliitazama printa ikienda na kurudi kama anavyotazama mtu anayefuma.

Ilipomaliza, Ida aliandika amri ya pili. Alisita kwenye kichwa. Vidole vilikaa juu ya vitufe, vikaenda.

pr -h "Tunaowangoja" baba | lpr

Printa ilipiga mstari wa tarehe na kichwa. Ikapiga mstari mmoja wa jina. Kisha, kwa kuwa amri ile haijui kuacha ukurasa kabla haujaisha, ikaivuta karatasi taratibu, mstari mtupu baada ya mstari mtupu, mpaka chini kabisa. Ida aliunyofoa ukurasa, akaondoa kingo, akampa mama yake.

Mama aliushika kwa mikono miwili. Juu kulikuwa na neno moja, chini yake baba, na chini ya baba weupe mtupu.

"Karatasi yote hii ya mtu mmoja?"

"Ndivyo inavyofanya. Inaacha nafasi."

"Padri ataisoma wapi?"

"Nitamwomba aisome mwisho. Baada ya marehemu wote." Ida alishangaa kujisikia akiahidi kwenda kumwomba mtu jambo.

Mama aliukunja ukurasa mara mbili, akaukunjua tena, kana kwamba haufai kukunjwa. "Na wewe, Ida? Ulisema nipumzike. Ulisema kwa kinywa chako."

Jenereta ilikohoa mara moja, ikaendelea. Ida aliinua uso, akamtazama mama yake machoni, jambo ambalo hakulifanya siku ile ya mchele.

"Nilisema umwandike kwa sababu nilitaka unikatalie," alisema. "Nilitaka nisikie mtu mwingine akisema hajafa. Mimi namngoja baba kila siku, mama. Namngoja anipime."